Moshi mweusi wa jeep ya Papa Ramazani, na shifoni niliyoikalia kutoka Baraka hadi Fizi

Wakuu, amani kwenu nyote, wenye magari na mnaopita tu kuchungulia.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Kila mara naona uzi wa mtu mwenye SUV ya kifahari, viti vya ngozi, skrini kubwa kama dirisha, halafu gari inatoa moshi na mwenyewe anatoa machozi. Na majibu ni yale yale. "Turbo hiyo mkuu." "Nozeli hizo." "Uza kabla haijakufia." Watu wanaagiza turbo kama wanaagiza chipsi.

Leo nimeshindwa kunyamaza.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha maana wengine wako hai na wana wajukuu, lakini kingine chochote sijakitia chumvi. Kilikuwa na chumvi ya kutosha tangu mwanzo.

Halafu msinishangae Kiswahili changu. Nimezaliwa Baraka, Kivu ya Kusini huko Kongo, na ukimbizi ulinikalisha Kigoma miaka mingi, kwa hiyo nina vya huku na vya kule. Wale watu nitawaacha waongee walivyoongea; mkisikia "njo" jueni ni ndiyo, "ju" ni kwa sababu, "kutosha" ni kutoa, na "masasi" ni risasi.

Basi twende.

Ulikuwa wakati wa vita. Sitaki siasa kwenye uzi wangu, kwa hiyo sitasema wenye silaha walikuwa wa upande gani. Mji ulishikwa na hawa, ukaachwa, ukashikwa na wale. Sisi raia kazi yetu ilikuwa kuamka na kuuliza leo nani kalala kwenye bureau, yaani ofisi ya serikali.

Mimi nilikuwa fundi magari. Gereji yangu ilikuwa mabati juu ya miti minne na shimo moja chini, karibu na ziwa. Mafundi wengi walishavuka kwenda Kigoma. Mimi nilibaki kwa sababu mama yangu aliapa hapandi boti, na ukimjua mama yangu hubishani naye.

Sasa hiyo jeep. Kwetu gari yoyote ndefu ya kupanda milima inaitwa jeep, iwe ya kampuni gani, kwa hiyo msianze kunisahihisha. Ilikuwa ya Papa Ramazani, mfanyabiashara mwenye maboti yanayokwenda rasi ya Ubwari na ng'ambo, Kigoma. Turbo dizeli. Viti vya ngozi rangi ya maziwa. Madirisha ya kubonyeza. Kati ya viti vya mbele kulikuwa na kifriji cha soda.

Mnacheka? Kwa Baraka ya siku zile hiyo ilikuwa mwisho wa dunia.

Dereva wake aliitwa Amisi. Huyo ni rafiki yangu tangu tunaogelea uchi. Aliipenda ile jeep kuliko mwenye nayo, na alikuwa akiniletea kila kelele mpya aliyoisikia, hata zile ambazo hazikuwepo.

Siku vita ilipofika, Papa Ramazani aliingiza familia kwenye boti wakaelekea Ubwari. Jeep haiingii kwenye boti. Amisi alitoa betri, akaisukumiza nyuma ya nyumba, akaifunika kwa majani ya michikichi, na yeye akabaki kulinda. Wenye silaha waliipata upesi tu. Betri wakatafuta nyingine, jeep ikawa ya Komanda.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja niko na chai yangu, akaja Sajini.

Huyu Sajini ndiye aliyekuwa akimwendesha Komanda. Mtu mzima, mrefu, anaongea kwa pua kama mwenye mafua ya kudumu. Hakuwa wa kwetu. Alitoka mbali na nyumbani kwao sikuwahi kuuliza.

"Fundi, Komanda anakuita. Beba na bifungulo yako yote."

Nikaacha chai, nikabeba spana zangu. Mama yangu alibaki mlangoni akinitazama nikienda.

Kwenye ua wa bureau niliikuta jeep, na Komanda ameegemea boneti. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Wenye sauti ya chini ndio wa kuogopwa, nyie mliokaa mijini penye amani shikeni hilo.

"Fundi, hii jeep ikikuwa huku chini kwa ziwa, iko sawa. Nikianza kupanda Fizi, inatosha moshi mweusi sawa nyumba inaungua. Bale benye kuwa mu milima banaona moshi mbele ya kuniona mi. Juzi bamenipiga masasi pale kwa kona. Unaelewa?"

"Ndiyo, Shefu."

"Dereva wa zamani alitia kitu mu gari, ju moshi inionyeshe. Tumemufunga pale." Akanyoosha kidole kwenye chumba cha pembeni chenye dirisha la nondo. "Utatafuta kile kitu uniletee. Ukikipata, yeye tunamumaliza. Kama haukipate na moshi inaendelea, njo kusema mulikuwa babili."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza mboga.

Sijui kama mmeielewa hesabu yangu wakuu. Nikipata kitu, Amisi anakufa. Nisipopata kitu na moshi ukabaki, tunakufa wote. Njia ilikuwa moja tu, moshi ukome na pasipatikane kitu. Na alitaka kupanda Fizi siku ileile jua likishapoa.

Nilijifanya nakagua tairi ili nichuchumae.

Sasa nisimamie hapa kidogo kwa faida ya wadau.

Moshi una rangi. Mweupe mzito, mara nyingi dizeli haichomeki au maji yameingia yasipotakiwa. Wa bluu, gari inakula oili. Mweusi ni chakula kingi na pumzi kidogo, yaani dizeli imezidi au hewa imepungua. Hiyo ni ya zamani na ni ya leo, hata hizo zenu zenye kompyuta nne. Kompyuta inakuja kuhesabu tu, mapafu ni yale yale.

Moshi wa jeep ulikuwa mweusi. Ikiwa imesimama inanguruma tu, husemi kitu. Ukikanyaga mafuta, puu, linatoka wingu.

Fundi yeyote hapo anaanza na filta ya hewa. Na mimi nilianza nayo. Nikafungua boksi, nikaitoa, nikaigeuza juani. Safi kabisa, karatasi nyeupe kama ya dukani. Nikafurahi, nikairudisha, nikafunga. Moyoni nikasema hewa iko sawa, tatizo ni dizeli.

Akili ni nywele wakuu, na zangu siku hiyo zilikuwa zimenyolewa. Endeleeni kusoma mtaona.

Nikaingia kwenye dizeli. Kwetu tunaita mazutu. Wakati ule mazutu ilikuja kwa boti ndani ya bidoni, madumu yaliyowahi kubeba mawese, kwa hiyo niliitegemea iwe chafu. Nikaitoa kidogo kwenye chupa, nikaiacha itulie. Haikuwa na maji. Haikuwa na mafuta ya mawese. Nikainusa, nikaionja kwa ncha ya ulimi. Mazutu nzuri tu.

Nikafungua nozeli, nikazisafisha kwa brashi ya shaba na mafuta ya taa, nikazirudisha. Nikavua bomba la turbo, nikatikisa shafti yake kwa vidole. Imara, inazunguka vizuri, haina oili. Pampu sikuigusa maana pampu ukiifungua bila vipimo umeizika.

Muda wote huo Sajini amekaa juu ya tairi la akiba, bunduki mapajani, ananiangalia.

Nikawasha. Nikakanyaga. Puu.

Jua lilishapita utosini.

Nikamwambia Sajini, "Shefu, naomba nimuulize dereva maneno ya gari. Yeye njo anaijua."

Alifikiri, akanyanyuka, akanipeleka dirishani. Amisi alikuja kwenye nondo. Uso umevimba upande mmoja. Nilitaka kulia lakini nilijizuia, maana machozi yangu yangekuwa ushahidi.

"Amisi, hii moshi ilianza wakati gani?"

"Kwa mikono yangu haikukuwa inatosha moshi."

"Uligusa nini mbele ya kuiacha?"

Alimtazama Sajini, akanitazama mimi.

"Mi sikugusa mazutu, ndugu yangu. Naapa kwa jina ya Mungu. Mazutu sikuigusa."

"Inatosha," Sajini akasema, tukarudi.

Mimi niliyachukua maneno yale kama ya mtu anayejitetea. Sikuyapima. Nilirudi kwenye jeep, nikakaa chini, nikaegemea gurudumu. Kwa kweli nilikuwa nimeishiwa. Nilianza kumfikiria mama yangu, nani atamchotea maji.

Sasa sikilizeni kilichoniokoa.

Sajini alitoa leso mfukoni akapenga kamasi. Akaikunjua, akaitazama kwa hasira, akanionyesha kana kwamba mimi ndiye mwenye barabara.

"Ona, fundi. Ona hii inchi yenu. Kila siku naendesha, kila siku pua inajaa udongo."

Leso ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya vumbi la barabara ya Fizi, kiangazi, ambalo mtu wa kwetu analijua hata akilala.

Nikaitazama leso. Nikaitazama boneti.

Pua ya Sajini imejaa vumbi jekundu, na pua ya jeep ni nyeupe kama siku ilipozaliwa. Inawezekanaje? Wote wawili wamevuta hewa ya barabara moja.

"Shefu, nani alibadilisha filta ya hewa?"

"Hakuna muntu. Tangu tuikamate hatuyaigusa."

Pale niliuma ulimi, maana nilishaona nimeuliza kwa sauti kitu ambacho nilitakiwa kujiuliza kimoyomoyo. Sajini alikuwa dereva, si mjinga. Lakini neno likishatoka halirudi.

Filta safi kupita kiasi siyo habari njema wakuu. Maana yake vumbi halifiki pale. Na kama vumbi halifiki, basi hewa nayo inafika kwa taabu. Kuna kitu kinachuja kabla ya filta.

Nikamwomba Sajini aingie, awashe, akanyage nikimwambia. Nikanyanyua boneti, nikavua kifuniko cha boksi la filta ili injini ivute hewa hapo hapo.

"Kanyaga, Shefu!"

Injini iliitika kama mtu aliyetolewa mto usoni. Nikachungulia ekzosi kwa pembeni. Safi. Hakuna moshi.

"Umefanya nini?" akapiga kelele kutoka ndani.

"Bado, Shefu! Kanyaga tena!"

Kutoka kwenye boksi kuna bomba linaloingia ndani ya madigadi, ndiko jeep inakovutia hewa. Nilisukuma mkono humo hadi kwenye kiwiko. Vidole vikagusa kitu laini, kimekunjwa, kimeshindiliwa.

Nguo.

Nikavuta ncha. Upande wa nje ulikuwa umeganda vumbi jekundu. Upande wa ndani ulikuwa njano, na juu ya njano kuna ndege wa bluu.

Wakuu, kile kitenge nilikijua.

Nilikuwepo siku kilipofika. Zaina, binti wa Papa Ramazani, alipoposwa, watu wa upande wa mume walileta kitenge cha mama. Kwetu hicho si nguo ya kuvaa sokoni. Kinakunjuliwa mbele ya wote, mama wa binti anakipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo binti ameombwa kwa heshima. Mwanamke anaweza kukosa sufuria, lakini hicho hakipotezi. Wanawake walipiga vigelegele hadi mbwa wakakimbia. Mama Zaina alikiinua juu, njano na ndege wa bluu, jua linakipiga.

Na leo kiko mkononi mwangu, ndani ya gari ya Komanda.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Madereva wetu wana tabia hii: wakifika kwenye barrière, kizuizi cha wenye silaha barabarani, wanaficha vitu kwenye lile bomba, sigara, saa, chochote kisichotakiwa kuonekana. Siku ya kukimbia Mama Zaina aliogopa kuporwa njiani, akakosa pa kuweka kitenge chake, na Amisi akamwonyesha. Hakuna aliyedhani jeep itawashwa. Ndiyo maana Amisi aliapa kwa mazutu tu. Hakuapa kwamba hakugusa kitu. Hata pale kwenye nondo, na uso ule, alikataa kumdanganya Mungu.

Lakini nani atamweleza Komanda habari za vigelegele? Kwake nguo iliyoshindiliwa kwenye bomba la hewa ni kile kitu. Ndicho alichoniambia nimletee.

Na mlango wa dereva ukafunguliwa. Sajini anateremka.

Kukificha wapi? Ovaroli yangu mifuko ilishatoboka. Kukirudisha kwenye bomba, moshi unarudi. Kukitupa chini, kinaonekana. Nilikuwa na pumzi mbili tu kabla hajaizunguka boneti.

Basi nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma mkono.

Kwetu kitambaa cha kufutia grisi tunakiita shifoni. Fundi na shifoni ni pete na kidole, hakuna anayeiangalia mara mbili. Nilikipiga kile kitenge kofi moja vumbi lidondoke, nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta nacho. Oili nyeusi juu ya ndege wa bluu. Nikafuta na kifuniko cha injini. Nikafuta mikono yangu yote, kidole kimoja kimoja, kama nimekuwa nikifanya hivyo tangu asubuhi.

Sajini akasimama mbele yangu.

"Na hii?"

"Shifoni yangu, Shefu."

Alikitazama kitenge. Kisha akageuza kichwa polepole akatazama juu ya betri, ambako nilikuwa nimeacha shifoni yangu halisi, kipande cha gunia la unga. Akatazama bomba la hewa, mdomo wake wazi. Akarudi kwangu.

Nilijua amejua.

"Nipe."

Nikampa. Akajifuta mikono, taratibu, mbele na nyuma. Akanirudishia.

"Endelea kazi."

Nikafunga kila kitu, nikaangusha boliti moja mara mbili. Sikujua ananipeleka wapi. Huenda alikuwa anasubiri Komanda aje ili anikamatishe mbele yake, apate sifa.

Komanda akaja na walinzi wawili.

"Tunapanda. Fundi anaenda na sisi. Moshi ikitoka, anabakia kule kule."

Nikafungua mlango, ovaroli yangu imelowa oili, mbele yangu kiti cha ngozi rangi ya maziwa.

"Shefu, huyu atachafua kiti," Sajini akasema. Akanigeukia. "Tandika shifoni yako, ukalie."

Hivyo ndivyo nilivyopanda mlima wa Fizi wakuu. Nimekaa kiti cha mbele cha jeep ya Papa Ramazani, juu ya kitenge cha mke wake, Komanda yuko mgongoni kwangu.

Sikuangalia barabara. Niliangalia kioo cha pembeni peke yake. Nilikuwa nasali sala zote, za kwetu Wakatoliki na zile nilizozisikia msikitini kwa akina Amisi. Tulipoanza kupanda, Sajini alikanyaga. Kiooni nikaona vumbi jekundu. Vumbi tu.

Tukafika kwenye ile kona. Mlinzi mmoja alikuwa amefumba macho. Sajini akakanyaga hadi mwisho, jeep ikanguruma, ikapanda kama inateremka.

Vumbi tu.

Juu, nyumba za Fizi zilipoanza kuonekana, Komanda akasema simama. Akashuka, akaenda nyuma, akapitisha kidole ndani ya ekzosi, akakitazama. Akaja kwenye dirisha langu.

"Ilikuwa nini? Kile kitu iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri wa nozeli. Nikafungua mdomo. Nikahisi kile kitenge chini yangu kama nimekalia makaa.

"Panya, Shefu," Sajini akasema.

"Panya?"

"Gari ilikaa sana chini ya majani. Panya alijenga nyumba mu tiyo ya hewa. Majani, manyoya, takataka. Mi niliona na macho yangu."

"Na iko wapi?"

"Nilitupa mu ziwa. Ilikuwa inanuka."

Komanda alimtazama Sajini. Sajini akatoa leso yake nyekundu, akapenga kamasi.

Kisha Komanda akacheka, mara moja tu, kwa pua. "Panya. Nimepigwa masasi ju ya panya." Akapanda. "Mukirudi chini, mumufungue ule dereva."

Nililia hapo hapo. Nikasingizia vumbi.

Tulimwacha Komanda Fizi, Sajini akanirudisha Baraka. Tulipofika uani, aliita wamfungue Amisi. Nikashuka. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikaanza kuondoka.

"Fundi."

Nikageuka.

"Beba shifoni yako. Usiiache mu gari."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Jina lake silijui.

Amisi aliondoka kupitia Swima, kijiji cha kando ya ziwa, akapata boti ya kumvusha hadi Kigoma. Mimi kitenge nilikipeleka nyumbani. Mama yangu alikifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Vumbi lilitoka. Oili haikutoka. Tukakikunja, tukakiweka.

Ziwa likafungwa, habari zikakatika. Huku hujui wa kule kama yu hai. Simu ndiyo hizo hazikuwepo.

Boti za ng'ambo zilirudi kwanza na Amisi akarudi nazo; siku boti za Ubwari zilipoanza tena kufika Baraka, Mama Zaina naye alirudi. Niliposikia nilikichukua kitenge nikaenda kwake. Njiani nilikuwa nafikiria maneno ya kuomba radhi kwa lile doa. Nilijua atakasirika.

Alikuwa anafagia ua. Alinyanyua kichwa akaona njano na ndege wa bluu mkononi mwangu. Ufagio ukaanguka.

Hakulitazama doa. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa uso wa msiba.

"Balikipata," akasema. "Kama balikipata, Amisi balimuua. Mi njo nilimuua. Ju ya nguo."

Wakuu, yule mama alikuwa amekaa Ubwari muda wote huo na jambo hilo. Kabla ziwa halijafungwa alisikia kule kwamba dereva wao kafungwa kwa sababu ya moshi. Alijua moshi umetoka wapi. Na hakuwa na mtu wa kumuuliza yaliyofuata.

"Mama, Amisi iko muzima. Amerudia Swima. Ameoa."

Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi alilokuwa analifagia. Alilia hadi majirani wakaja. Mimi nikalia nao.

Alipotulia alikikunjua. Akaliona doa, kubwa, jeusi, juu ya ndege wawili. Nikaanza kueleza na kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

Akakifunga kiunoni juu ya nguo aliyovaa, doa mbele. Akasema, "Nipeleke Swima."

Tulimkuta Amisi ufukweni anatengeneza wavu. Alinyanyua macho. Akamwona mama, akakiona kitenge, akaliona na doa. Alisimama, wavu umening'inia mkononi, mdomo unamcheza, analia na kucheka pamoja.

"Mama," akasema, "mazutu sikuigusa."

Basi wakuu, ndiyo hayo.

Somo kwa wenye jeep zinazotoa moshi: kabla hujaagiza turbo, fuata njia ya hewa tangu pale inapoingilia, si tangu filta. Filta chafu inaeleweka. Filta safi kwenye barabara ya vumbi, iulize maswali. Ndege hujenga humo, panya kweli hujenga humo, na binadamu nao huficha humo.

Kuna mdau niliyemtumia kisa hiki pembeni kabla sijakiweka humu, anauliza kama Sajini alifanya vile kwa huruma au kwa kuogopa naye atalaumiwa, maana ndiye aliyekuwa akiiendesha bila kukagua. Sijui ndugu. Nimejiuliza miaka yote. Siku nyingine najibu huruma, siku nyingine woga. Amisi anasema mzigo ukifika hauulizi ulibebwa na mkono upi.

Haya, tupieni rangi za moshi wenu hapo chini tusaidiane, na wenye kubisha bisheni kwa adabu.

Na kama humu yumo mzee aliyewahi kuendesha jeep ya viti rangi ya maziwa kwetu Baraka, mrefu, anayechukia vumbi letu, aandike hata neno moja. Sitamuuliza alikuwa upande gani. Nataka tu kumwambia kwamba shifoni sikuiacha.